Bibi Arusi Si Dawa



Lipo swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Mtoto wao ni mtu mzima sasa, pengine amemaliza chuo na kupata kazi. Siku moja amewaambia, au wamegundua wenyewe, kwamba moyo wake huvutwa kimapenzi na watu wa jinsia yake. Baba ananyamaza kwa hasira. Mama analia usiku, na asubuhi ananawa uso na kwenda Misa kana kwamba hakuna jambo. Kisha safari inaanza. Novena inafuata novena. Kijana anapelekwa kwenye kesha la uponyaji, halafu kwa mwombaji wa mji mwingine anayesifiwa sana. Mambo yasipobadilika, shangazi mmoja anatoa shauri: "Mwozesheni. Akipata mke hayo yote yatakwisha." Basi wazee wanaanza kuulizia msichana mpole, wa nyumba yenye kusali.

Wapendwa, kabla posa haijapelekwa, tukae chini tufikiri. Nia ya wazazi hao si mbaya. Wanampenda mtoto wao, wanaogopa kwa ajili ya roho yake, na wanaogopa pia maneno ya watu. Lakini nia njema peke yake hailifanyi tendo kuwa jema; hilo tulifundishwa tangu tulipojiandaa kwa Kipaimara. Tujiulize basi: Je, ni haki kumfanya binti wa watu kuwa dawa ya mtoto wetu? Na je, mzazi anaweza kuuweka upendo wake rehani mpaka mtoto abadilike?

Kanisa linafundisha nini

Ili mtu asije akasema katekista ameleta mafundisho mapya, tuanze na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 hadi 2359. Humo tunapata mambo manne. La kwanza, tendo la ndoa ni la mume na mke, na Kanisa haliwezi kuyakubali matendo ya jinsia moja. La pili, chanzo cha mvuto huo kwa sehemu kubwa hakijaelezeka. La tatu, watu wenye mvuto huo wapokewe kwa heshima na huruma, wala wasibaguliwe isivyo haki. La nne, nao wameitwa kuishi maisha ya usafi, wakisaidiwa na sala, sakramenti na urafiki wa kweli.

Sasa tazama lisilokuwamo. Katekisimu haisemi kwamba mvuto huo lazima ugeuzwe ndipo mtu apendwe. Wala haisemi kwamba atafutiwe mchumba. Kanisa linamdai mtu huyo usafi wa maisha, kama linavyotudai sisi wenye ndoa uaminifu. Dai la kwamba lazima ageuke moyo wake wote na kuvutwa na jinsia nyingine limeongezwa na watu, kisha likatiwa mdomoni mwa Kanisa.

Waliotutangulia katika njia hiyo

Huko Marekani Wakristo wengi waliijaribu njia hii kwa miaka mingi, tena kwa bidii na kwa fedha kuliko sisi. Mwaka 1976 kulianzishwa huko California umoja wa huduma za Kikristo ulioitwa Exodus, yaani Kutoka, kama Waisraeli walivyotoka Misri. Shabaha yake ilikuwa kuwasaidia watu waachane na mvuto wa jinsia moja kwa sala, ushauri na vikundi vya kutiana moyo. Wazazi wengi walipeleka watoto wao. Wengi walioshiriki walioa na kuolewa, na ndoa zao zikaonyeshwa kama ushuhuda.

Lakini tuangalie matunda. Mmoja wa waanzilishi, Michael Bussee, aliondoka mwaka 1979 ingawa alikuwa na mke. Mwaka 2007 aliomba radhi hadharani kwa madhara ya kazi ile. Mwingine, John Paulk, alikuwa mwenyekiti wa bodi ya umoja huo. Mwezi wa Agosti 1998 gazeti la Newsweek lilimweka kwenye jalada pamoja na mkewe Anne, kwa kuwa wote wawili walisema walikuwa wameyaacha mahusiano ya jinsia moja. Mwaka 2000 Paulk alionekana katika baa ya mashoga mjini Washington. Mwaka 2013 naye aliomba radhi, na ndoa ile yenye watoto watatu ikavunjika. Anne hakuuacha msimamo wake. Hebu fikiri juu ya watoto wale, ambao ndoa ya baba na mama yao ilikuwa imefanywa tangazo mbele ya taifa zima.

Mkuu wa mwisho wa Exodus alikuwa Alan Chambers. Mwaka 2012 alikiri mbele ya watu kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika mvuto wao. Mwezi wa Juni 2013 aliomba msamaha kwa barua, na umoja ule ukatangaza kufunga milango yake baada ya miaka 37. Wataalamu nao walikuwa wamelipima jambo hilo. Mwaka 2009 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilipitia utafiti uliokuwapo na kusema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa juhudi hizo hufaulu, na kwamba zinaweza kudhuru. Daktari Robert Spitzer, ambaye mwaka 2003 alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya watu hubadilika, mwaka 2012 aliomba radhi akisema uchunguzi wake haukuweza kuthibitisha hivyo.

Siwasimulii haya ili tuwacheke. Walikuwa watu wa sala kama sisi. Lakini mwenye hekima akimwona jirani ameteleza kwenye tope, hapiti palepale akitumaini kwamba viatu vyake ni bora.

Lawama ndani ya nyumba

Juhudi za kumbadilisha mtoto huanza na swali la chanzo, na swali la chanzo haraka sana huwa swali la mkosaji. Mwaka 1962 daktari Irving Bieber na wenzake huko New York walichapisha kitabu kilichosema kwamba mwana huwa hivyo kwa sababu ya mama anayemng'ang'ania na baba aliye mbali naye. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Mkatoliki, Joseph Nicolosi, aliyachukua mawazo ya namna hiyo katika kitabu chake cha tiba ya kurekebisha. Kutoka huko mafundisho hayo yalienea katika vikundi vya maombi vya nchi nyingi.

Wewe mwenye ndoa unaweza kuona yatakayofuata. Baba anamwambia mama, "Wewe ndiye uliyemdekeza." Mama naye anajibu, "Ungekuwa unalala hapa nyumbani angejifunza uanaume." Bibi mzaa baba anakumbuka kwamba tangu mwanzo hakuupenda ukoo wa mke. Kila kumbukumbu ya utotoni inafukuliwa kama ushahidi mahakamani. Watu wawili walioahidiana mema katika shida na raha wanaanza kuogopana, na yule kijana anasikia ukutani kwamba yeye ndiye aliyevunja ndoa ya wazazi wake.

Katika barua yake ya mwaka 2013 Chambers aliomba radhi kwa jambo hilihili: kwamba walieneza nadharia zilizowatia wazazi aibu. Sisi Wakatoliki tulikuwa na jibu muda wote. Ikiwa Katekisimu yenyewe inasema chanzo hakijaelezeka, ni nani aliyempa mume ruhusa ya kumhukumu mkewe? Bwana asiyekuwa na jibu ni heri amshike mkewe mkono na kusema, "Sijui, mama watoto. Tulilee hili pamoja."

Kijana mwenyewe

Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa Family Acceptance Project wa San Francisco, wakiongozwa na Caitlin Ryan, walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana 245 wa miaka 21 hadi 25 wenye mielekeo ya namna hii. Miongoni mwa wale ambao hakuna aliyejaribu kuwabadilisha, 22 kwa kila 100 walikuwa wamewahi kujaribu kujiua. Miongoni mwa wale ambao wazazi walijaribu kuwabadilisha nyumbani, hesabu ilikuwa 48 kwa kila 100. Na wale ambao wazazi walijaribu nyumbani na pia wakapelekwa kwa washauri au viongozi wa dini, ilikuwa 63.

Hesabu hizo ni za Marekani, na kila nyumba ina mambo yake. Hata hivyo, mzazi asizipite upesi. Kijana anayekesha akiombewa na asione badiliko hufikia hitimisho moja kati ya mawili: ama Mungu hamtaki, ama yeye mwenyewe hakuamini vya kutosha. Wazazi walitaka kuiokoa roho yake, kumbe wamemwondolea sababu ya kuamka asubuhi. Na mwili ukishazikwa, hakuna kesha litakaloamsha tena mazungumzo yaliyokatizwa.

Wengine watanitolea methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa tabia. Mtoto mvivu tunamfundisha kazi, mwongo tunamfundisha ukweli, na kijana yeyote tunamfundisha kujitawala. Lakini mvuto ambao mtu hakuuchagua si tabia aliyojizoeza. Ukiukunja kwa nguvu mti uliokwisha kukomaa, utabaki na vipande mkononi.

Binti wa watu

Tufike sasa kwa yule msichana mpole wa nyumba yenye kusali, ambaye katika shauri la shangazi hakuna aliyemtaja kwa jina.

Nchini Marekani yuko mwandishi wa kanisa la Wamormoni, Carol Lynn Pearson. Mwaka 1966 aliolewa na Gerald, mtu mwenye vipaji na mwenye imani, ambaye alitumaini kwamba ndoa itauondoa mvuto wake kwa wanaume. Walipata watoto wanne na walipendana kweli. Mvuto haukuondoka, na baadaye wakaachana. Gerald alipougua UKIMWI alirudi nyumbani kwa Carol Lynn, naye akamuuguza hadi alipokufa mwaka 1984. Mwaka 1986 aliandika kitabu juu ya maisha hayo. Mwaka uliofuata mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa lao, Gordon B. Hinckley, alisema hadharani kwamba ndoa isichukuliwe kama tiba ya kumaliza mvuto huo.

Hapo liko swali lenyewe la haki. Mwaka 1960 Karol Wojtyla, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, alikuwa askofu msaidizi wa Krakow huko Poland, na alitoa kitabu kuhusu upendo na wajibu. Msingi wake ni huu: mtu si kitu cha kutumiwa ili kupata kitu kingine. Panga hutumiwa, jembe hutumiwa, dawa hutumiwa. Mtu hupendwa. Ukimtwaa mtu kama chombo, hata kwa shabaha njema, umemkosea hadhi aliyopewa na Muumba wake.

Sasa pima. Msichana anayeolewa ili mume wake apone ametwaliwa kama dawa. Dawa isipofaa, atalaumiwa yeye. Ataambiwa hajui kujipamba, hajui kupika, hajui kumvuta bwanake. Usiku ataona mgongo wa mumewe na kudhani kasoro iko kwake, na hatakuwa na wa kumwuliza, kwa kuwa wote wanaojua siri ni upande wa mume. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamume anayepewa binti aliyelazimishwa. Mahari imelipwa, arusi imeimbwa, lakini nyumba imejengwa juu ya neno ambalo halikusemwa. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikipambwa kwa maua ya kanisani.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamlinda mtu huyu. Kanuni ya 1057 inasema kwamba ridhaa ya wanandoa ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa badala yao. Kanuni ya 1098 inasema kwamba aliyedanganywa kwa hila ili akubali, juu ya hali ya mwenzake inayoweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, ndoa yake si halali. Kanuni ya 1103 inasema vivyo hivyo juu ya ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa woga mkubwa kutoka nje, hata kama aliyetia woga hakukusudia. Sikia hayo, mzazi. Machozi yako na vitisho vya kumnyima kijana baraka vinaweza kuibatilisha ndoa ileile uliyoitamani. Padre anapomwuliza kila mchumba peke yake kabla ya ndoa kama yuko huru, haulizi kwa desturi tu.

"Kwani Mungu hawezi?"

Najua wapo watakaosema nimepunguza uwezo wa sala. Hapana. Mungu anaweza yote. Lakini Mungu kuweza ni jambo moja, na sisi kumwekea tarehe ni jambo lingine. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, tunasoma kwamba alipewa neema, na mwiba ukabaki. Hakuna aliyemwambia Paulo kwamba hakuamini vya kutosha. Sala ya kweli inaomba na kisha inafungua mikono. Sala inayosema "asipobadilika si mwanangu" imemgeuza Mungu kuwa mpiga muhuri wa uamuzi wetu.

Tena wapo watakaosema, "Mbona wapo waliooa na wakadumu?" Ni kweli wapo. Chambers mwenyewe alimwoa Leslie mwaka 1998, na walikuwa bado pamoja alipoufunga umoja wake. Lakini Leslie alijua kabla ya kuolewa, na Chambers hakudai kwamba mvuto wake umetoweka. Mwanamke aliyeambiwa kweli na akachagua kwa hiari ni mke. Aliyefichwa ni mtu aliyetumiwa. Tofauti kati ya ndoa hizo mbili ni ukweli na uhuru, wala si wingi wa novena.

Basi tufanyeje?

Kwa wazazi nasema: mtoto abaki mtoto. Sahani yake iwe mezani. Kuketi naye si kuyakubali yote anayoyatenda. Bwana wetu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajasema neno la toba. Siri yake isipelekwe jumuiyani kama nia ya maombi. Msimpeleke kwa mwombaji anayepiga, anayefunga watu au anayedai fedha. Mkimwona amekata tamaa, asile, asilale, au azungumzie kufa, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Papa Fransisko katika Furaha ya Upendo ya mwaka 2016, namba 250, alikumbusha kwamba familia zenye watoto hao zinastahili kusindikizwa kwa heshima. Mwendeeni padre mnayemwamini, mkiwa wawili. Kanisa lina hata utume wake: Courage, ulioanzishwa New York mwaka 1980 na Padre John Harvey kwa ombi la Kardinali Terence Cooke, unawasaidia watu kuishi maisha ya usafi na hauwadai wabadilishe mvuto. Wazazi nao wana tawi lao.

Kwa kijana anayesukumwa kuoa au kuolewa nasema: una haki ya kukataa, na Kanisa liko upande wako katika hilo. Kama unawaza ndoa kwa hiari yako, mwambie mwenzako ukweli kabla ya matangazo kusomwa.

Na kama wewe unayesoma ukurasa huu ndiwe uliyeozwa kama dawa, ujue kwamba hukukosa uzuri wala sala. Ulipewa mzigo usiokuwa wako. Linda afya yako, mwone padre, na ukihitaji, mwombe akuelekeze kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo. Usihukumu peke yako, lakini pia usinyamaze peke yako.

Wapendwa, leo jioni watoto wakishalala, zungumzeni nyinyi wawili. Je, watoto wetu wanajua kwamba hakuna neno ambalo likisemwa litawafungia mlango wa nyumba hii? Tukiletewa posa kwa binti yetu, tutafurahi kuambiwa yote baada ya arusi, au kabla? Na kama tungekuwa sisi wenye kijana huyo, binti wa jirani yetu tungemtazama kwa macho gani? Jibu mtakalolitaka kwa binti yenu, lipeni pia nyumba ya jirani.